Utangulizi: Dalili za Uraibu na Macho ya Nyumbani

 Katika elimu ya uraibu utamkuta daktari wa akili, mfamasia, ofisa ustawi wa jamii, katekista na mzazi, na mara nyingi mzazi ndiye mwenye kumbukumbu ndefu kuliko wote. Daktari humwona mgonjwa kwa dakika chache. Mama anajua mwanawe alivyokuwa akilala, akila na kukasirika tangu utotoni. Kitabu hiki kinataka kuyatia maarifa hayo utaratibu, maana hakuna dalili inayojitosheleza. Kinachosomwa ni badiliko: mtu hulinganishwa na alivyokuwa yeye mwenyewe, si na mtoto wa jirani.

Tuchukue nyumba ya kufikirika huko Maguu, katika milima ya Wamatengo wilayani Mbinga. Kijana aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kuchimba ngoro, yaani mashimo ya kilimo ya huko, na baba yake sasa anaamka saa nne. Msimu wa kahawa unafika, baba anakuta mazao ya kipande cha shamba alichompa yamekwisha kuuzwa kwa magoma, yaani kwa bei ya kutupa yangali mtini. Fedha yenyewe haionekani: hakuna kiatu kipya, hakuna simu, wala mahari iliyopelekwa. Baadaye inapotea pampu ya kunyunyizia dawa, kisha kuku wa bibi. Rafiki zake wa kwaya hawaji tena. Wanakuja wengine wasioingia ndani kusalimia. Kila moja ya hayo lina maelezo yake ya kawaida. Yakikutana ndani ya miezi michache, yanataka kuulizwa.

Mwili nao hutoa ushahidi wake, unaotofautiana kwa kila dawa. Bangi huleta macho mekundu, koo kukauka na njaa ya ghafla. Mlevi wa gongo au komoni hutetemeka mikono asubuhi mpaka azimue. Heroini, ambayo kijana hukutana nayo zaidi anapokwenda mijini kutafuta maisha, huifinya mboni ya jicho, humfanya ajikune na kusinzia hata akiwa amesimama. Akiikosa kwa saa kadhaa hupatwa na arosto: miayo, kamasi, machozi, kuharisha na maumivu ya viungo. Akipata kete ya heroini, yote hutulia mara moja. Mafua hayaponi hivyo.

Hata hivyo, tusikimbilie hukumu. Kukonda kunaweza kuwa kifua kikuu au kisukari. Macho mekundu huletwa pia na moshi wa jikoni. Kujitenga na watu ni dalili ya sonona. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi la uainishaji wake wa magonjwa, liliweka vigezo sita: hamu kali, kushindwa kujizuia, mateso ya kuacha, kuhitaji kiasi kikubwa zaidi, kuyatelekeza mambo mengine, na kuendelea kutumia licha ya madhara. Kwa toleo hilo, vitatu vikikutana ndani ya mwaka mmoja, daktari huita utegemezi. Kazi ya familia ni kuona na kueleza. Kupima ni kazi ya mtaalamu.

Kuitambua dawa yenyewe kuna faida kubwa, kwa kuwa tiba hutofautiana. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na huduma hiyo imeenea katika miji mingine, ikiwamo Mbeya, Mwanza na Dodoma. Methadoni haimtibu mlevi wa pombe wala mvutaji wa bangi. Hao huhitaji ushauri nasaha na uangalizi wa aina nyingine. Tena, mnywaji wa kupindukia asifungiwe chumbani aache kwa nguvu: kukatishwa pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na hata kifo.

Basi ukishaona, chagua saa ambayo hajalewa, mkae wawili. Usianze na “Unavuta nini?” Anza na ulichokiona: “Mwanangu, naona siku hizi hulali, na shambani huji.” Msikilize, kisha mwongozane hadi kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya wilaya Mbinga au ya rufaa Songea. Uraibu ni ugonjwa unaotibika, na mgonjwa anayesindikizwa na nduguye hufika hospitali kabla ya yule aliyefukuzwa nyumbani.