Kualikwa Katika Mkahawa wa Kiitaliano

Vijana wetu hutuuliza mara kwa mara, na baadhi ya wazee pia huuliza ingawa kwa sauti ya chini: Je, yafaa Mwislamu kuitikia mwaliko wa rafiki katika mkahawa wa Waitaliano? Swali hili si la anasa kwa watu wa Pwani, na khasa wakazi wa Malindi. Katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga karibu na mji huo kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti; hapo ndipo iliporushwa satelaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Tangu zama hizo wengi katika watu wa Italia wamekuja Malindi, wakajenga nyumba na kufungua mikahawa. Vijana wetu hufanya kazi pamoja nao, hunena lugha yao, na hualikwa mezani pao. Akataaye kila mwaliko huonekana ana kiburi. Na akubaliye pasipo kuuliza huenda akala alichokatazwa na Mola wake.

Yatupasa kwanza kuujua mkahawa wenyewe. Hatusemi hapa khabari za hoteli kubwa ya watalii, ambamo mpishi hamjui mgeni wala mgeni hamjui mpishi. Mkahawa wa jamaa, ambao Waitaliano huuita trattoria, ni kazi ya ukoo mmoja: mama yumo jikoni, baba hupokea wageni na kushika hesabu, na watoto huandika meza. Chakula huja kwa zamu, kwanza vitu vidogo vya kufungulia tumbo, kisha tambi au wali, halafu nyama au samaki, na mwisho matunda au kitu kitamu. Mgeni haharakishwi hata kidogo. Watu wanne waweza kukaa mezani saa tatu wakizungumza, na hapana atakayewatazama kwa jicho baya. Kwa jambo hili hawako mbali sana na watu wa Pwani.

Wala tambi si kitu kigeni kwa Waislamu. Sharif al-Idrisi, bingwa wa elimu ya jiografia, katika kitabu alichomtungia Mfalme Roger wa Sicily na kukikamilisha mwaka 1154, alitaja mji wa Trabia, karibu na Palermo, ambako zilitengenezwa tambi nyingi zikapelekwa kwa marikebu katika nchi za Waislamu na za Wakristo. Kisiwa hicho kilikuwa kimetawaliwa na Waislamu zaidi ya miaka 200 kabla ya kutwaliwa na Wanormani. Basi asemaye kwamba tambi ni chakula cha makafiri na atazame kwanza jikoni kwa mamake siku ya Idi.

Khatari haimo katika tambi bali katika vitiwavyo juu yake. Ile iitwayo carbonara hupikwa kwa nyama ya shavu au ya tumbo la nguruwe. Mchuzi wa nyama wa Bologna, udhaniwao kuwa ni wa ng'ombe mtupu, kwa desturi hutiwa pancetta, nayo ni nyama ya nguruwe, na mvinyo pia. Wali wao, risotto, hunyunyiziwa mvinyo mweupe mara tu punje zikishapata moto. Hata mchuzi wa kombe wa baharini aghalabu haukosi mvinyo. Wako wasemao kwamba moto humaliza ulevi wote. Hilo si kweli, kwani sehemu yake hubaki chunguni. Na lau isingebaki, mvinyo kwa madhehebu yetu ya Shafii ni najisi, na chakula kilichomiminiwa najisi hakitahiriki kwa kuchemshwa. Jibini ya Parmigiano ina maneno yake: maziwa yake hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama. Maulamaa wamekhitalifiana, Imamu Abu Hanifa amelegeza, na Mashafii wamekaza ikiwa mnyama hakuchinjwa kwa sharia. Mwenye kuiacha yuko katika salama.

Mwaka huu tulialikwa, watu watano, na rafiki yetu Mkristo aliyestaafu kazi ya hoteli. Kabla ya siku yenyewe tulimweleza kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amemkataza mwenye kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho asikae penye meza inayonywewa ulevi. Hakununa. Alisema, "Maalim, mvinyo una siku nyingi, na leo ni siku yenu." Twaona kwamba ndugu zetu wengi huumia mezani kwa sababu hawakusema neno hili mapema, husubiri mpaka chupa imekwisha kufunguliwa, ndipo huanza kukunja uso, na mwenyeji hajui kosa lake.

Tulipokaa, kijana mmoja aliyesoma kwetu alitunong'oneza, "Maalim, tusiwaulize mambo ya nyama, watatuona washamba." Tukamwambia anyamaze, tukaomba kuonana na mama mwenye jiko. Alikuja akipangusa mikono, mwanawe nyuma yake. Tukamwuliza, "Mama, mchuzi huu wa nyama una nguruwe ndani?"

"Hii usile, Maalim," akajibu kwa Kiswahili cha Malindi. "Ina pancetta, na mvinyo nimetia asubuhi. Nitakupikia ya biringani, kwa nyanya na mrehani. Sufuria nitatwaa safi."

"Na jibini je?"

"Nitaiweka kando. Atakaye atatia mwenyewe."

Wala hakuona tusi katika maswali yetu. Mpishi wa namna hii ameununua kila mchicha kwa mkono wake, naye hupenda kuulizwa, kama vile mama zetu wanavyopenda kuulizwa biriani imetiwa nini. Kinachomchukiza ni kingine kabisa, yaani kukata tambi kwa kisu, au kuzimiminia sosi ya nyanya ya chupa. Tambi huzungushwa kwa uma mpaka zikaushika, tena kwa mkono wa kulia, jambo ambalo kwetu sisi ni sunna tangu hapo.

Biringani zile zilikuwa njema, ingawa chumvi ilikuwa haba kwa kinywa cha Mswahili. Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia chakula ila, akikipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Nasi tulikula. Ilipofika zamu ya vitu vitamu, kijana yule yule alitutangulia kusema. "Mama, tiramisù yenu ina nini?"

"Ina Marsala, mwanangu," akasema yule mama, "nayo ni mvinyo. Na hiyo nyeupe ina jelatini ya pakiti, sijui ya mnyama gani. Ngoja nikukatie embe."

Tukala maembe, tukanywa kahawa nyeusi, na adhana ya Isha ikatukuta tungali tumekaa. Baba wa nyumba akatuonyesha penye maji ya kutawadha.