Umesota na uko na mpenda kahawa wa kufurahisha? Hivi ndivyo utamtengenezea kapu la zawadi kwa thao na kitu

Kila ploti iko na huyo mtu. Asubuhi ukimsalimia kabla hajagusa kikombe anakuangalia ni kama umekanyaga mguu wake. Akishamaliza kahawa ndio anakumbuka jina lako. Sasa bathdei yake iko wiki ijayo, mwisho wa mwezi bado uko mbali, na wewe unaingia mtandaoni kuangalia makapu ya zawadi. Unapata moja poa, unafinya bei, thao nne na nusu. Unazuum picha: pakiti moja ya kahawa, chokoleti mbili, kikombe kimeandikwa Kizungu, na karatasi zimekatwakatwa zikajaza nusu ya kapu. Buda, hapo unalipia karatasi.

Hiyo kitu unaweza jitengenezea kejani na ukabaki na doh ya mat. Lakini kuna njia ya kuifanya vibaya, na hiyo naijua kwa sababu niliifanya.

Nilipoacha chuo nilikaa kwa anti yangu miezi saba. Hakuwahi kuniuliza natoka lini. Yeye ni mtu wa kahawa, anakunywa moja saa kumi na moja asubuhi akienda shifti na nyingine akirudi. Nilipopata kazi ya kwanza nikasema lazima nimshukuru. Nikatengeneza kapu safi: kahawa ya mbegu nzima, ile ya bei, sabuni ya kuoga ya lavenda, mshumaa wa kunukia, utepe wa dhahabu. Akanikumbatia, akapiga picha, akaweka status. Miezi mitatu baadaye nilienda kumuona, kapu liko juu ya kabati, kahawa haijafunguliwa. Nikamuuliza mbona. Akasema polepole, "Mwanangu, hizo mbegu nitazisaga na nini?" Tukachukua kinu cha kutwangia viungo, tukaponda hivyo hivyo. Kikombe kilikuwa na ladha ya sabuni. Anti alimaliza chake chote bila kusema kitu, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Kwa hivyo kabla hujanunua hata utepe, jua huyo mtu wako anakunywaje. Usimuulize, utaharibu sapraizi. Chungulia tu jikoni yake siku umeenda kumtembelea. Ako na mashini ya kusaga? Kama hana, mbegu nzima ni pambo la kabati. Ako na ile jagi ya glasi ya kusukuma, plunja? Basi mnunulie kahawa iliyosagwa kubwa kubwa, chembe kama za chumvi ya mawe. Anachemsha kwa sufuria na kuchuja na kichungi cha chai? Huyo ndiye wengi wetu, na huyo ndiye nitamshughulikia zaidi hapa. Na kama anakunywa ile ya kukoroga kwa maji moto, usimdharau. Mchukulie ile ile anayopenda, kopo kubwa kuliko analonunuanga, halafu weka nguvu yako kwa vitafunio.

Tuje kwa kahawa yenyewe, maana hapa ndio nusu ya pesa yako inafaa iende. Hii nchi inachekesha. Kirinyaga, Nyeri, Murang'a, Embu, Meru, Kisii, Bungoma, kote huko watu wanachuma kahawa ambayo ulaya wanaigombania, halafu mkulima akirudi nyumbani kutoka fakitori anachemsha majani chai. Wengi wana miti shambani na hawajawahi onja chao kikiwa kimekaangwa. Kwa hivyo ukimpea mtu kahawa ya hapa nyumbani, tena iliyokaangwa juzi, huenda ndiyo mara yake ya kwanza kuionja ikiwa hivyo.

Kwa supamaketi utaona pakiti zimeandikwa AA na bei imepaa. Usitishike. Hizo herufi zinasema saizi ya mbegu. AA ni zile kubwa, karibu milimita 7. AB ni ndogo kidogo. PB ni ile ambayo tunda lilizaa mbegu moja ya mviringo badala ya mbili zilizolaliana. Hakuna mahali AA inaahidi kwamba ni tamu kuliko AB ya shamba hilo hilo. Mfuko ukiwa mwepesi, chukua AB bila aibu.

Angalia tarehe badala yake. Sio ile ya kuisha, hiyo huwekwa mbali sana. Tafuta tarehe ya kukaangwa. Kahawa iko kwa ubora wake ndani ya wiki chache baada ya kukaangwa, na ikishasagwa harufu inaanza kutoroka siku hiyo hiyo. Ndio maana ni afadhali kununua mahali wanakaanga wenyewe na kukusagia ukiwa hapo, waambie tu itapikwa na nini. Pakiti nyingi nzuri ziko na katundu kadogo mbele, ka duara. Hako sio ka kunusia, ingawa sote tumekafinya na kunusa. Kahawa ikishakaangwa inaendelea kutoa hewa, na hako katundu kanaitoa nje bila kuruhusu hewa ya nje iingie. Kama sehemu unayonunua wanapima kwa mfuko wa khaki tu, hamishia kwa chupa ya glasi yenye kifuniko cha kukaza ukifika kejani.

Robo kilo inatosha. Mug moja inataka vijiko viwili vikubwa hivi, karibu gramu 15, kwa hivyo hiyo robo ni mugs 16. Zaidi ya wiki mbili kama anakunywa moja kwa siku. Ukimnunulia kilo mzima atakuwa anakunywa vumbi mwezi wa pili.

Sasa kitu ambacho kitafanya kapu lako lishinde la thao nne na nusu: kichungi cha kitambaa. Hiki ni soksi ya kahawa, na huko Costa Rica watu wamechuja nacho tangu zamani. Nunua kipande cha marikani, ile pamba nyeupe isiyo na rangi ambayo mathe zetu walishonea vitambaa vya makochi. Kata pembetatu mbili, upande kama sentimita 20. Zishonwe pamoja pande mbili ziwe kama koni, na ile ya juu iachwe wazi na pindo la kupitishia waya. Waya toa kwa henga kuukuu ya nguo, ile ya chuma. Pindisha iwe duara, ibaki na mkono wa kushikia. Kama sindano na wewe hamuelewani, fundi wa mtaani atakushonea akiwa anaongea na kastoma mwingine, ni kazi ya dakika tano.

Kabla ya kuiweka kwa kapu, chemsha hiyo soksi kwa maji matupu dakika kumi, umwage, urudie. Kitambaa kipya kiko na wanga, na wanga kwa kahawa ni kama uji umepotea njia. Anika ikauke kabisa. Na kwa kadi mwandikie hivi: usioshe na sabuni, suuza na maji moto tu. Baada ya siku chache itageuka kahawia na itakaa mbaya. Ni sawa, ndivyo inakaanga.

Kupika nayo ni rahisi. Maji yachemke, toa motoni ungoje kama nusu dakika. Weka vijiko viwili vya kahawa kwa soksi, shikilia juu ya kikombe, mwagia maji kidogo tu ya kulowesha. Utaona inafura na kutoa mapovu, na hayo mapovu ndiyo yanakuambia kahawa ni freshi. Subiri sekunde 30, halafu mwaga iliyobaki polepole. Hakuna chembe chini ya kikombe, hakuna kutemea sinki.

Kitafunio sasa. Chokoleti za bei achana nazo. Kahawa chungu inataka kitu kitamu cha kung'ata, na watu wa Mombasa na Lamu walishamaliza hii hesabu kitambo: kahawa kwa vikombe vidogo kutoka kwa dele, na kashata kando. Tengeneza ya njugu, inakaa siku nyingi kuliko ya nazi. Njugu vikombe viwili, Nyamakima unazipata bei poa. Zikaange kavu, zisugue maganda yatoke. Sukari kikombe kimoja iweke kwa sufuria kavu, moto mdogo, bila maji. Itayeyuka pembeni kwanza, tikisa sufuria, usiache. Ikishakuwa rangi ya asali mwaga njugu na iliki kidogo iliyopondwa, koroga haraka, mwaga kwa sinia uliyoipaka mafuta. Lainisha juu na mgongo wa kijiko, kata vipande ikiwa bado moto. Ukizubaa ukajibu simu, utaivunja na nyundo. Na tafadhali watoto wasikaribie, sukari iliyoyeyuka inachoma vibaya kuliko maji ya moto.

Kikombe nenda mtumba. Gikosh au Toi kuna watu wanauza vyombo vya kauri, na ukiinama ukachakura unapata mug moja nzito ya udongo kwa soo. Gonga na kucha: ikilia kama kengele ni nzima, ikitoa sauti ya kukohoa iko na ufa. Loweka na maji moto na magadi usiku mzima, madoa ya chai ya mwenyewe wa kwanza yatatoka.

Hii ndiyo hesabu yangu ya mara ya mwisho, na bei zinapanda na kushuka kwa hivyo usinishike shati. Kahawa robo kilo 550. Kikapu kidogo cha kusuka 150. Mug 100. Kitambaa na fundi 80, waya ni wa henga yangu. Njugu na sukari 150. Khaki na utepe 50. Jumla ni 1,080. Kama bado ni ngumu, toa kikapu, tumia kaboksi ka viatu ukafunike na khaki, hapo umerudi chini ya thao. Kitu hufai kupunguza ni kahawa.

Ukipanga, weka chupa ya kahawa katikati, imesimama. Kashata zifunge kwa khaki, kichungi kikunje ndani ya mug. Nafasi zikibaki, jaza na gazeti la zamani chini ili vitu viinuke, sio juu. Na usiweke sabuni, mshumaa, losheni wala chochote kinachonukia kwa kapu moja na kahawa. Kahawa inavuta harufu kama sponji. Hata iliki, kama unataka kuongeza, iwe kwa kichupa chake peke yake. Kama mtu wako ni wa Pwani au anapenda kahawa tangawizi, hapo ndipo unamwekea vichupa vitatu: tangawizi kavu, iliki, mdalasini. Badala ya kashata unaweza weka halua au tende, na hapo kichungi toa kabisa, maana hiyo inachemshwa pamoja na viungo.

Iko kadi pia. Usiandike shairi la mtandaoni. Andika kahawa imetoka wapi, imekaangwa lini, na jinsi ya kupika kwa mistari minne. Ukitaka kuonekana umesoma, ongeza kwamba kahawa ilianza kupandwa hapa kwetu Bura, huko Taita, mwaka 1893, na wamishonari wa Kifaransa. Mpenda kahawa atarudia hiyo stori kwa kila mgeni.

Anti nilimpelekea kapu la pili mwezi wa nane. Kahawa ya Kirinyaga, AB, imesagwa, soksi ya marikani, kashata mbili zilizoungua kidogo pembeni. Nililala huko. Saa kumi na moja asubuhi nikasikia maji yanachemka jikoni, halafu kimya cha kama nusu dakika, halafu harufu ikaingia mpaka kwa kochi nilikokuwa nimelala. Akaniita, "Amka, yako inapoa."