Panda Mkwaju Nyumbani Kwako

Mkulima wa Mkonze hana haja ya kuelezwa habari za jua la Oktoba. Katika nchi ya Dodoma mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 600, nayo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Mkwaju ni mti wa asili wa nchi kavu za Afrika. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na hauangushwi kwa urahisi na upepo.

FAIDA ZAKE. Mkwaju hutoa kivuli kizuri. Matunda yake huiva wakati wa kiangazi, nayo hutiwa katika uji na mchuzi, au huuzwa sokoni. Ukwaju uliomenywa na kukaushwa vizuri huwekwa kwa miezi mingi.

KUOTESHA. Chagua mbegu za mti unaozaa sana. Ziloweke usiku kucha katika maji ya uvuguvugu, kisha zipande katika makopo marefu yaliyotobolewa chini, kina cha sentimita 1 hadi 2. Kwa kawaida huota katika wiki 1 au 2. Usiache mche ukae mno koponi, maana mzizi mkuu utajikunja.

KUPANDA. Chimba shimo la futi 2 kwenda chini na futi 2 upana kabla ya mvua. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza. Panda mara ardhi ilowapo, hatua 12 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Usipande katikati ya shamba la mtama au uwele, kwa sababu mazao hayastawi chini ya kivuli chake kizito.

KUTUNZA. Hapa ndipo miti mingi hufa. Mbuzi mmoja aweza kumaliza kazi ya mwaka mzima kwa asubuhi moja. Basi zungusha boma la miiba siku ile ile ya kupanda. Palilia, weka majani makavu juu ya udongo bila kugusa shina, na mwagilia wakati wa kiangazi kwa miaka 2 ya kwanza.

Mti uliotokana na mbegu huchukua miaka 7 au zaidi kabla ya kuzaa. Usikate tamaa. Mkwaju waweza kuishi zaidi ya miaka 100, na wajukuu wako watakaa chini yake.