Je, Wajua? Waifai Inapojikokota

Je, wajua kwamba waifai yako na maikrowevu ya jikoni hugombania bendi moja? Maikrowevu hutumia takriban gigahezi 2.45, waifai ya kawaida, 2.4. Mawimbi yakivuja kidogo tu, kiasi kisichomdhuru mtu, kikao cha video kinaganda. Kwangu, dakika 2 za kupasha wali wa jana zinatosha: msemaji anabaki kaachama mdomo kwenye kioo mpaka maikrowevu ilie.

Je, wajua kwamba kwenye bendi hiyo ni chaneli 3 tu, 1, 6 na 11, zinazoweza kukaa pamoja bila kuingiliana? Kwenye jengo la ghorofa, ruta zikirundikana kwenye 6 hupeana zamu. Anayejifanya mjanja akahamia 4 ndiye mharibifu, maana anawavuruga wa 1 na wa 6 kwa mpigo. Ukitumia Windows, andika netsh wlan show interfaces kwenye dirisha la amri; utaiona chaneli yako na nguvu ya mawimbi kwa asilimia.

Gigahezi 5 je? Ina kasi zaidi, ila ukuta huishinda upesi. Kwenye nyumba za kale za Lamu au Mji Mkongwe, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, chumba cha pili tu tayari ni mbali. Mabati ndiyo kabisa: huyarudisha mawimbi yalikotoka.

Je, wajua kwamba diski ya nje inaweza kuipunguza kasi waifai? Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 na waya zake hutoa kelele ya redio kwenye gigahezi 2.4. Kipanya kisicho na waya kikianza kurukaruka mara tu unapochomeka diski, ujue ndiyo hiyo. Isogeze mbali, au ichomeke upande wa pili wa kompyuta.

Je, wajua kwamba kifurushi cha megabiti 40 kwa sekunde hupakua megabaiti 5 tu kila sekunde? Baiti 1 ni biti 8. Mafundi wangapi wamegombezwa kwa sababu ya hesabu hii!

Na je, wajua kwamba huenda nyumbani kwako hakuna kosa lolote? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na Uganda. Siku kama hiyo unaweza kuzima na kuwasha ruta mpaka kidole kiume. Kwa hiyo, kabla hujamwita fundi, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, kisha upime kasi. Ikipanda, tatizo ni waifai. Ikibaki vilevile, iache ruta ipumzike, umpigie aliyekuuzia kifurushi.