Dereva na Njia ya Petroli
Gitaza, katika barabara ya Bujumbura hadi Rumonge, imekaa baina ya Ziwa Tanganyika na milima. Milima ya namna hiyo iliwatia mashakani madereva wa Ford Model T, gari lililoundwa Marekani tangu 1908 hadi 1927. Halikuwa na pampu: petroli ilitiririka yenyewe toka tangini hadi kwenye kabureta. Tangi likipungua, injini ilizimika mlimani. Ndipo wengine wakapanda kinyumenyume.

Likizimika tambarare, dereva alifungua kizibo cha kabureta, sigara zote zikiwa zimezimwa. Petroli ikitoka, kasoro iko kwingine. Isipotoka, alifungua mfuniko wa tangi; ikianza kutiririka, tundu la hewa limeziba. Ikikataa bado, bomba lina taka.

Ndugu askari, magari yamebadilika. Utaratibu ni ule ule. Kagua kabla ya safari, usibahatishe: anayengoja msaada hana muda.