Programu za bure: kampuni zinazozitengeneza zinapata wapi pesa?

Simu nyingi zinazouzwa katika masoko ya Goma, Bukavu na Lubumbashi zinatumia Android. Ndani ya Android kuna Linux, programu ambayo Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland, alianza kuigawa mwaka wa 1991. Mpaka leo kila mtu anaweza kuichukua bila kulipa. Takwimu za vituo vya afya vya Kongo zinakusanywa kwa DHIS2, programu inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. Tovuti nyingi za habari zinaendeshwa na WordPress.

Zote hizo ni programu za chanzo wazi. Kode yake, ni kusema maandishi ya ndani yanayoongoza mashine, haifichwi. Mtu yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Lakini wale wanaoiandika wanalipa nyumba na kusomesha watoto kama watu wengine. Kama bidhaa ni ya bure, mshahara wao unatoka wapi?

Kuuza huduma

Jibu linalojulikana zaidi lilitoka kwa Red Hat, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 1993. Red Hat haikuuza Linux yenyewe. Iliuza abonema. Benki au serikali inalipa kila mwaka, na kwa malipo hayo inapata marekebisho ya usalama, ahadi kwamba programu itatunzwa kwa miaka mingi, na mafundi wa kuita wakati mashine inakwama. Anayejua kujitengenezea hana lazima ya kulipa. Lakini benki ambayo inapoteza pesa kila dakika mashine zinaposimama haitaki kubahatisha.

Njia hiyo ilifaulu. Mwaka wa 2012, Red Hat ilikuwa kampuni ya kwanza ya chanzo wazi kupitisha mapato ya dola miliari 1 kwa mwaka. Mwaka wa 2019, IBM iliinunua kwa dola miliari 34.

Kampuni ya Automattic, iliyoanzishwa mwaka wa 2005, inafuata njia ya karibu na hiyo. WordPress ni ya bure, lakini mwenye tovuti anahitaji mahali pa kuiweka na mtu wa kuichunga. Automattic inauza kazi hiyo.

Leseni mbili, matoleo mawili

Nchini Sweden, MySQL AB ilichagua njia nyingine. Programu yake ya kuhifadhi data ilikuwa na leseni mbili. Aliyekubali kuacha kazi yake wazi pia aliitumia bure. Aliyetaka kuiingiza ndani ya programu yake na kuificha kode alipaswa kununua leseni ya biashara. Mwaka wa 2008, Sun Microsystems iliinunua kampuni hiyo kwa dola karibu miliari 1. Miaka miwili baadaye, Sun yenyewe iliingia mikononi mwa Oracle. Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL, alikuwa amekwisha kuchukua kode ileile na kuanzisha MariaDB, ili programu isibaki chini ya mwenye mali mmoja.

Odoo, kampuni ya Ubelgiji ya Fabien Pinckaers, inagawanya bidhaa yake sehemu mbili. Toleo la kwanza ni la bure na linasaidia duka au kampuni ndogo kufuata stoki na mauzo. Toleo la pili, lenye vifaa zaidi, linalipiwa kila mwezi kwa hesabu ya watumiaji. Mwaka wa 2024, wawekezaji waliikadiria Odoo kuwa na thamani ya euro miliari 5. Ugumu wa njia hii ni kuchora mpaka. Ukitoa vingi bure, hakuna atakayelipa. Ukitoa vichache, watu wanakimbia.

Pesa ya mfuko wa mtu mmoja

Canonical ilianza kwa pesa za mtu mmoja. Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth aliuza kampuni yake Thawte mwaka wa 1999 kwa dola milioni 575. Mwaka wa 2004 alitoa Ubuntu, jina ambalo msemaji wa Kinyarwanda au Kirundi hahitaji kutafsiriwa. Kwa miaka kadhaa, Canonical ilituma diski za Ubuntu bila malipo, hata gharama ya posta, kwa yeyote aliyeomba. Huduma hiyo ilifungwa mwaka wa 2011.

Mfuko wa mtu mmoja una mwisho. Mwaka wa 2013, Canonical iliomba umma dola milioni 32 ili kutengeneza simu yake. Ahadi hazikufika hata nusu, na simu hiyo haikutengenezwa. Mwaka wa 2017 iliacha mradi wa simu na kupunguza wafanyakazi. Leo inategemea kuuza msaada na usalama wa muda mrefu kwa makampuni, huku Ubuntu ikibaki bure.

Wakati masharti yanabadilika

Mwaka wa 2014, kasoro iliyoitwa Heartbleed ilionekana ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Ilijulikana kwamba shirika lake lilikuwa linapokea michango ya dola karibu 2 000 tu kwa mwaka.

Kampuni nazo ziliona hatari nyingine: makampuni makubwa ya intaneti yanachukua kode ya bure na kuuza huduma juu yake, bila kurudisha kitu. MongoDB ilibadilisha leseni yake mwaka wa 2018 ili kuzuia jambo hilo. HashiCorp ilifanya vile mwaka wa 2023 kwa programu yake Terraform. Watumiaji waliokasirika walichukua toleo la mwisho lililokuwa wazi na kuanzisha OpenTofu.

Kwa shule, hospitali au kampuni inayofikiria kuweka kazi yake yote juu ya programu ya bure, kuna mambo matatu ya kuchunguza kwanza: nani analipa wanaoiandika, leseni inaruhusu nini, na kama data inaweza kutolewa na kupelekwa kwingine. Kampuni inaweza kuuzwa au kugeuza masharti. Lakini kode iliyokwisha kutolewa chini ya leseni wazi inabaki wazi, na mwenye fundi anayeijua anaweza kuendelea nayo.