Mbwa wa Endabash Asafiripo Ng'ambo: Kwa Nini Maandalizi Huchukua Miezi

Katika kata ya Endabash, wilayani Karatu, mbwa hulinda boma na mifugo. Hata hivyo, wapo wanaohamia Ulaya au Marekani, wakiwemo wageni wanaomaliza mikataba ya kazi katika ukanda huu wa Karatu na Ngorongoro, nao hupenda kuondoka na mbwa wao. Wengi hudhani shughuli kubwa ni tiketi na kizimba. Kwa hakika, kinachochukua muda mrefu zaidi ni uthibitisho kwamba mbwa hana kichaa cha mbwa.

Virusi vya ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia mwilini kwa njia ya jeraha, husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, safari ambayo huweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Katika kipindi hicho mbwa huonekana mzima kabisa. Dalili zikishajitokeza, kwa mnyama au kwa binadamu, kifo huwa karibu hakiepukiki. Makadirio ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionesha kuwa ugonjwa huu huua takriban watu 1,500 kila mwaka nchini Tanzania.

Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka utaratibu maalumu kwa mbwa watokao katika nchi kama yetu. Kwanza, mbwa huwekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Baada ya hapo huchanjwa, akiwa na umri usiopungua wiki 12. Zikipita siku 30 au zaidi, daktari wa mifugo huchukua damu na kuipeleka katika maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Kingamwili zinapaswa kufikia angalau uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita moja. Kisha mwenye mbwa husubiri miezi 3 tangu siku damu ilipochukuliwa. Muda huo una sababu: iwapo mbwa aliambukizwa kabla ya chanjo, dalili zipate nafasi ya kujitokeza akiwa bado hajasafiri. Kwa jumla, maandalizi hayapungui miezi 4. Chanjo ikiisha muda kabla ya kurudiwa, hesabu huanza upya.

Marekani nayo ilikaza masharti. Mwezi Juni 2021 mbwa aliyetoka Azerbaijan aligundulika kuwa na kichaa baada ya kuwasili nchini humo. Tangu Agosti 2024, mbwa anayeingia huko sharti awe na chipu na umri usiopungua miezi 6, na watokao Tanzania hukabiliwa na masharti ya ziada.

Kuhusu safari yenyewe, kizimba kiwe imara, chenye matundu ya hewa, na kimruhusu mbwa kusimama, kugeuka na kulala bila kubanwa. Mzoeshe kukaa humo wiki kadhaa kabla. Usimpe dawa za usingizi, kwani hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha upumuaji, na ndani ya ndege hakuna wa kumhudumia. Mbwa wenye pua fupi wamo hatarini zaidi, na baadhi ya mashirika ya ndege huwakataa. Kwa kuwa safari huanza kwa mwendo mrefu wa gari kutoka Karatu hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, mpe maji njiani na usimwache garini juani.

Mhudumu wa afya naye anahusika. Maandalizi haya yana kushikwa, kudungwa na kufungiwa, na mbwa mwenye hofu hung'ata. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mhudumu apime jeraha na kuanzisha chanjo inapostahili. Cheti cha chanjo ya mbwa pekee kisiwe sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Kwa mwenye mbwa, hatua ya kwanza ni kumwona daktari wa mifugo wa wilaya mara tu safari inapofikiriwa, akiwa na tarehe ya kuondoka mkononi, ili wahesabu pamoja kurudi nyuma. Tiketi inunuliwe baada ya hesabu hiyo.